Fundo la Mkono wa Kushoto

Sehemu ya Pili

ILIPOISHIA

Nimerudi nyumbani Tabaka kutoka Nairobi, ninakofanya kazi ya kusafisha vioo vya maghorofa nikiwa nimening'inia kwenye kamba. Jumamosi asubuhi, kabla sijamaliza uji, yowe likapanda kutoka machimbo ya mawe ya sabuni. Kitindamimba wa Baba Mdogo, mtoto wa miaka 12, ameonekana akishuka shimo la zamani ambalo halijaguswa kwa miaka mingi. Baba Mdogo amemfuata kwa kamba ya kufungia ng'ombe. Kamba ilipovutwa, ilirudi tupu.

SASA ENDELEA

1

Nilipofika kwenye mdomo wa shimo, mtu wa tatu alikuwa ameshavua shati.

Alikuwa kijana wa rika langu, mchongaji, vumbi jeupe limempanda hadi viwikoni. Wenzake wawili walikuwa wakimfunga kiunoni kamba ya nailoni ya buluu, ile ya kuanikia nguo. Kina mama waliokuwa wakisugua vinyago kwa msasa na maji walikuwa wameyaacha mabeseni yao, wamesimama mikono kichwani. Mke wa Baba Mdogo alikuwa ameketi kwenye matope. Hakuwa akilia. Alikuwa amekumbatia gambuti moja dogo, lile ambalo mtoto alilivua au lilimvuka pale ukingoni.

"Usishuke," nikamwambia yule kijana.

"Dada, kuna watu wetu huko chini."

"Ndiyo maana nakwambia usishuke."

Kisii na Nyamira zina visima vya kuchimbwa kwa mikono boma baada ya boma, na kila mtu mzima ameshasikia ile habari moja inayojirudia. Wa kwanza anashuka, ananyamaza. Wa pili anashuka kumtoa wa kwanza, ananyamaza. Wa tatu anashuka kwa uchungu. Jioni watu wanabeba maiti tatu kutoka kisima kimoja. Wa pili na wa tatu huuawa na upendo wao. Hewa mbaya haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hivyo hutuama chini ya shimo kama maji yanavyotuama kwenye beseni, na anayeingia humo haoni kitu mpaka magoti yanapomlegea.

Mzee mmoja akajipenyeza katikati ya watu. Sikumjua, lakini mikono yake niliijua: viganja vipana, kovu la kamba limezunguka kidole gumba. Alikuwa fundi wa visima kutoka Kebirigo, upande wa Nyamira, aliyekuja Tabaka kumchimbia jirani yetu.

"Huyu binti yuko sawa," alisema. "Leteni koroboi."

Taa ikawashwa, ikawekwa ndani ya ndoo, ndoo ikashushwa. Mzee alihesabu kwa pima. Kila mikono yake miwili iliponyooka, alitaja namba kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Huko chini mwali ulikuwa punje ya manjano gizani. Kwenye pima ya sita ukaanza kusinyaa. Kwenye ya saba ukajikunja, ukawa rangi ya samawati pembeni, ukazimika. Hapakuwa na upepo wowote wa kuuzima.

Yule kijana akaifungua kamba kiunoni mwake mwenyewe. Vidole vilikuwa vinamtetemeka.

"Kwa hiyo wamekufa," akasema Mama Mdogo. Hakuuliza.

"La, mama." Aliyejibu alikuwa mzee mmoja, omogaka kama tunavyosema kwetu, aliyelichimba shimo lile ujanani mwake, sasa anatembea kwa fimbo. "Chini pale kuna njia inayoingia ndani ya jiwe, nayo inapanda. Aliyeiwahi njia hiyo amepanda kwenye hewa nzuri. Mwombe Mungu wawe wameiwahi."

Tukaanza kulipa shimo pumzi. Vijana walikata matawi ya mkaratusi yenye majani mengi, wakayafunga bunda moja kubwa, wakawa wanalishusha na kulipandisha kwa kamba, juu, chini, juu, chini, kama mama anavyotwanga wimbi, ili hewa iliyotuama ichafuke na iliyo nzuri ishuke. Mtu mmoja mwenye nia njema alifika mbio na pampu ya petroli, akitaka iteremshwe ivute maji yaliyo chini. Nilimzuia kwa mikono yote miwili. Moshi wa injini una sumu nyingine, monoksidi ya kaboni, na hiyo koroboi haiionyeshi: taa itaendelea kuwaka vizuri huku mtu aliye kando yake anasinzia usingizi wa mwisho. Pampu ikarudishwa mbali, nyuma ya migomba.

Baada ya nusu saa tukashusha taa tena. Pima ya sita, inawaka. Ya saba, inawaka. Ya tisa, ndoo ikagota chini na mwali ukabaki umesimama wima.

Watu wakashusha pumzi. Mzee akaivuta ndoo, akaiangalia ndani, na uso wake ukabadilika. Ndoo ilikuwa imelalia ubavu kwenye kifusi na kukomba vipande vichache vya jiwe. Aliniwekea kimoja kiganjani bila kusema neno.

Jiwe lililokaa miaka mingi kwenye maji ya shimo huwa na ukoko wa udongo mwekundu. Hili lilikuwa jeupe kama unga wa sembe, na upande mmoja alama ya tindo ilikuwa bado na ncha kali.

Katika shimo lisiloguswa kwa miaka mingi, mtu alikuwa amekata jiwe wiki hiyo hiyo.

2

Ilikuwa saa nne na nusu. Huku kwetu mvua ina saa yake: asubuhi jua, na ikishapita saa nane mchana mawingu yanafunga, yanamwaga. Nilikuwa na saa tatu na nusu.

Vijana walikuwa wameshaanza kupigilia mtaimbo kwenye ukingo wa shimo ili wafunge kamba yangu hapo. Nikamwomba mmoja kisu chake cha kuchongea. Nikapiga magoti, nikakata jiwe lile lile walilokuwa wakipigilia. Kisu kikaingia kama kinakata muhogo.

Hilo ndilo jiwe lililotulea. Kwa sababu linakubali kisu, limekuwa viboko na twiga, sahani na vipande vya sataranji. Limelipa karo za shule, na limempeleka mwana wa Tabaka, Elkana Ong'esa, hadi Paris, ambako ndege wake wa amani amesimama makao makuu ya UNESCO. Lakini jiwe linalokubali kisu halikubali kubeba mtu. Mtaimbo ule ungeshika kwa dakika kumi, kisha ungechomoka taratibu bila kutoa onyo.

Nyuma ya shimo, hatua kumi na tano hivi, palikuwa na mikaratusi miwili minene, mibichi. Nikaipima kwa kuisukuma kwa mgongo, kisha nikafunga kila mmoja chini kabisa, karibu na mizizi. Ukifunga juu ya shina, unaufanya mti kuwa mtaimbo wa kujing'oa wenyewe. Nikavisha magome magunia ili kamba isilike. Kutoka kila mti nikaleta mkono mmoja wa kamba, mikono miwili ikakutana mbele kwenye fundo moja.

"Kwa nini hujaifunga pale karibu, miti ikae huku na huku?" akauliza yule kijana aliyetaka kushuka. Sasa alikuwa amekaa karibu yangu na kufuata kila ninachofanya.

"Umewahi kuona kina mama wawili wakibeba ndoo moja ya maji katikati yao?"

"Nimewahi."

"Wakitembea karibu, kila mmoja anabeba nusu. Wakiachana mbali, mkono unawauma wote wawili na ndoo ni ile ile. Kamba nayo hivyo. Pembe ikiwa nyembamba, kila mti unabeba karibu nusu yangu. Ikipanuka hadi digrii 120, kila mti unabeba uzito wangu wote. Ikizidi hapo, unabeba zaidi ya uzito wangu."

Akaangalia miti, akaangalia pembe, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyepewa kitu cha kuweka.

Kamba yangu ina unene wa milimita 11: ndani kiini cha nyuzi nyeupe ndicho kinachobeba, nje ala iliyosukwa inakilinda. Adui wake si uzito. Adui wake ni ukingo mkali unaoisugua mahali pale pale kila ninapopumua. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, na kazi yangu yote ni kupatafuta pabovu kabla kamba haijapatafuta. Tukatandika tairi kuukuu ukingoni, juu yake gunia lililolowa. Mwisho wa kamba nikapiga fundo nene, ili hata nikipotewa na akili nisiteleze nikatokea upande wa pili. Kamba ya pili, ya akiba, nikampa Mzee wa Kebirigo aizungushe kwenye shina na kuilegeza pole pole kadiri ninavyoshuka.

Kisha nikafunga fundo la nane, lenye umbo la tarakimu hiyo, lile ambalo uhai wote unakalia.

Fundo hilo nililijua nikiwa na miaka 14, kwenye majabali ya Manga, pale ardhi ya Nyamira inapokatika ghafla na mtu anaitazama Kisii yote chini yake. Tulijifunza pamoja, mimi na kaka yangu, kwa kamba ya ng'ombe na michoro ya kitabu kisicho na jalada. Mimi nikimaliza fundo, mkia wa kamba hutokea kulia. Kaka ni wa mkono wa kushoto. Mkia wake ulitokea kushoto, na baada ya hapo aliupitisha tena chini ya kitanzi, mzunguko mmoja zaidi usio na kazi yoyote. Nilimuuliza mara nyingi kwa nini anapoteza kamba. "Kila fundi ana mhuri wake," alikuwa akinijibu.

Miaka minne iliyopita alikwenda Macalder, kule Migori, kuchimba dhahabu. Alipiga simu mara tatu. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena. Mama bado anaweka salio kwenye laini yake, isije ikafungwa akakosa pa kupokelea.

Nilikuwa nimevaa helmeti na kukaza mikanda ya mapajani yule omogaka wa fimbo aliponisogelea. Hakusema kwa ubaya.

"Binti yangu, machimbo haya mwanamke husugua jiwe, hasugui shimo. Hakuna aliyewahi kushuka. Watu watasema tulikutoa sadaka."

Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa babu yangu kwa umri na kwa ukoo. Aliyejibu ni Mama Mdogo. Aliinuka kutoka kwenye matope, akanijia, akaniwekea mikononi lile gambuti.

"Mpelekee," akasema. "Ana mguu mmoja mtupu."

Omogaka akarudi nyuma hatua moja, akavua kofia.

Nilifunga gambuti kwenye mkanda wangu. Nikawaambia watu wote sheria ya filimbi, maana sauti ya mtu ndani ya jiwe huvunjika na neno halisikiki. Mlio mmoja: simama. Miwili: nivute juu. Mitatu: nishushe. Minne: nimeiachia kamba, niko salama. Mlio mrefu usiokoma: hatari. Alama hizo nilizipata Suswa, kwenye mapango ya lava ya Bonde la Ufa, nilipokuwa nikiwabebea mizigo wapenda mapango. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemfundisha mtu mmoja tu wa kwetu.

Nikageuza mgongo kwenye shimo, nikaikabidhi kamba uzito wangu, nikakanyaga hewa.

3

Ukuta wa shimo una kurasa. Juu kabisa ni udongo mwekundu wenye mizizi, unaobomoka ukiugusa kwa bega. Chini yake jiwe lililooza, rangi ya kahawia. Halafu ghafla jiwe lenyewe: jeupe, kisha lenye mishipa ya waridi, kisha la kijivu lililopita kwenye maji. Nilishuka taratibu, mkono wa kulia ukishika kamba chini ya nyonga, kwani huo ndio breki. Kwenye pima ya saba nilisimama kwa makusudi. Nikajihesabia namba kwa sauti, nikajitajia siku na jina la shule yangu ya msingi. Akili ilikuwa timamu. Nikaendelea.

Nilikanyaga kifusi. Milio minne. Kutoka juu, mbali kama mwisho wa mfereji, Mzee akanijibu kwa minne.

Kamba niliyoiacha ikining'inia niliiangalia kwa muda. Nina mazoea hayo. Kabla sijaenda mbele ninajifunza kurudi, maana njia ya chini ya ardhi si moja, ni mbili. Ile unayoiona ukienda siyo utakayoiona ukirudi. Wanaopotea mapangoni wengi wao hawakuwahi kugeuka nyuma. Chyulu kuna pango la lava, Leviathan, lenye zaidi ya kilomita 10 za njia. Wanaolijua vizuri bado hugeuka kwenye kila kona. Nilikuwa na tochi ya kichwani, nyingine shingoni, na ya tatu mfukoni ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa giza la huko halikusubiri ukaazime taa kwa jirani.

Mlango wa njia ya ndani ulinifika kifuani. Niliinama, nikaingia, na kweli ilikuwa ikipanda kama alivyosema omogaka. Kila hatua chache niligonga paa kwa mpini wa nyundo. Jiwe zima hujibu kwa mlio mkavu, ng'o, kama chungu kilichoiva. Jiwe lililoachana na mwenzake hujibu bubu, kama ngoma iliyolowa. Palipojibu bubu nilipita ukutani bila kupiga chafya.

Wachimbaji wa zamani waliacha nguzo. Kila walipochimba kushoto na kulia, katikati waliliacha jiwe limesimama, nene kama mwili wa ng'ombe, libebe kilima. Nguzo ya kwanza niliyoikuta ilikuwa hivyo. Ya pili ilikuwa imeliwa upande mmoja. Ya tatu ilikuwa nyembamba kuliko mimi, imekatwa kuzunguka pande zote, na vumbi lake lilikuwa bado halijalala. Lilielea kwenye mwanga wa tochi kama unga wa kinu.

Wezi wa nguzo. Jiwe la nguzo ni safi, limelindwa na mvua, halihitaji kuchimbuliwa. Mtu huja usiku, akachukua kilicho tayari, akaacha kilima kikining'inia juu ya vichwa vya wengine.

Njia ikagawanyika. Nikapanga mawe matatu, ncha ikielekeza nilikotoka, nikageuka, nikaitazama njia ya kurudi mpaka nikaikariri. Ndipo niliposikia mtu akikohoa.

Baba Mdogo alikuwa ameegemea ukuta, uso umejaa vumbi, machozi yamechora mistari miwili. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umelala vibaya chini ya goti.

"Nani?" akauliza, akikinga mwanga kwa mkono.

"Ni mimi, Baba Mdogo."

"Wewe? Nani kakuruhusu, mwanangu?"

"Mama Mdogo."

Akafumba macho, na kwa mara ya kwanza nikaona mabega yake yakilegea. Nilimgusa mguu. Mfupa ulikuwa umevunjika bila kutoboa ngozi. Nikaufunga kwa mipini miwili ya majembe iliyokuwa imetupwa pale na vipande vya shati lake, nikampa maji kwa vifuniko vya chupa, nikampa tochi yangu ya pili. Alisimulia kwa pumzi fupi fupi. Alipofika chini kichwa kilimzunguka. Alifungua kamba bila kujua kwa nini, akatambaa kuelekea juu kwa sababu tu mikono yake ilikuwa huko. Aliposimama, jiwe lilimwangukia mguuni.

"Mtoto?"

"Yuko mbele, njia ya kulia. Nimemsikia." Alinikamata kiganja, akakibana. "Mwanangu, sikiliza vizuri. Nimemsikia akiongea."

"Anakuita?"

"Hapana. Anaongea, halafu ananyamaza. Kisha anaongea tena." Baba Mdogo akameza mate. "Kuna mtu anayemjibu."

4

Saa yangu ilionyesha saa saba kasoro robo. Nilimwachia Baba Mdogo chupa ya maji na ahadi moja: saa nane kamili, nikiwa na mtoto au bila mtoto, nitakuwa nimerudi alipo. Sikumwambia nilivyochukia kuitoa. Kwenye kazi ya kamba saa ya kurudi huwekwa kabla ya kuondoka, wakati moyo umetulia, kwa kuwa ukishafika ndani moyo huomba dakika tano, kisha nyingine tano.

Njia ya kulia ilishuka. Nilitambaa kwa viwiko, lile gambuti likigonga mawe nyuma yangu. Paa lilikuwa likidondosha matone. Nilihesabu tone moja kila nilipovuta pumzi. Baada ya kona ya kwanza yalikuwa mawili. Baada ya kona ya pili sikuweza kuyahesabu tena.

Mbali nyuma yangu, nyembamba kama mlio wa mbu, filimbi ya Mzee ikalia. Mlio mrefu. Haukukoma.

Mvua ya kwetu ina saa yake, lakini siku hiyo iliwahi.

Ningeweza kugeuka. Mawe yangu matatu yalikuwa hatua arobaini nyuma. Mkono ukagusa gambuti, nikatambaa mbele.

Njia ikafunguka ghafla kuwa chumba. Katikati ya sakafu palikuwa na shimo la pili, jeusi, upana wa mlango, na kandoni mwake nguzo moja iliyobeba paa lote. Kwenye nguzo ile palikuwa pamefungwa kamba. Haikuwa ya ng'ombe wala ya kuanikia nguo. Ilikuwa kamba kama yangu, ya ala iliyosukwa, na iliteremka ndani ya shimo ikapotea.

Nikaileta tochi karibu na fundo.

Lilikuwa fundo la nane, limekazwa vizuri, nyuzi zimelala sambamba bila kupishana. Mkia wake ulitokea kushoto. Kisha ulirudi, ukapita chini ya kitanzi mara moja zaidi, mzunguko mmoja usio na kazi yoyote.

Nilivua glavu. Nililigusa kwa vidole vitupu, kama mtu anavyogusa paji la uso wa mgonjwa. Miaka minne. Salio la Mama kila mwezi.

Ndipo nilipoona kitu kingine, na damu ikasita. Juu ya fundo, juu ya kila mzunguko wa kamba, palikuwa pamelala vipande vyeupe vya jiwe. Havikuwa chini ya kamba. Vilikuwa juu yake. Kaka yangu alifunga kamba kwenye nguzo nene. Aliposhuka, mtu mwingine alikuja na tindo akaikata nguzo ile pande zote, kamba ikiwa tayari imefungwa, mpaka ikabaki nyembamba kama kiuno cha nyigu.

Niliigonga kwa mpini wa nyundo, kidogo tu.

Ilijibu bubu.

"Kuna mtu?" nikaita ndani ya shimo. Sauti yangu ikavunjika vipande vipande ikishuka.

Kimya. Maji yakidondoka. Kisha, kutoka chini kabisa, sauti ya mtoto: "Nimekwambia kuna taa!" Na baada yake, karibu nayo, filimbi.

Mlio mmoja. Mlio wa pili.

Nivute juu.

Kabla sijaitia yangu mdomoni kupiga mlio mmoja wa kumsimamisha, kamba ikakaza mbele ya macho yangu. Uzito wa mtu ukaikalia. Uzito wa watu wawili. Kutoka kiunoni mwa nguzo ukaanza kumwagika unga mweupe, mwembamba, wa kimya, kama mchanga unaopita katikati ya vidole, na ndani ya jiwe, juu ya kichwa changu, kitu kikapasuka.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO